Mtega Panya Asiyeamini Sifuri

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, ambaye hakuna kilichojificha chini ya maji wala ndani ya mfupa ila Yeye anakijua, tunaianza habari ya mja wake mmoja, mfanyakazi wa mitaro, aliye hai hadi siku tunapoiandika.

Watu wa habari hii ni wanne, na inafaa tuwataje kwa mpango wao. Wa kwanza ni Hylke Rienstra, mwenye umri wa miaka sitini na mitatu, mtega panya wa bodi ya maji kusini mwa Friesland kwa miaka thelathini na minane, akiwawinda panya-maji wasitoboe matuta yanayozuia maji. Wa pili ni mkewe, Baukje, mpishi mstaafu wa shule ya kijiji. Wa tatu ni Douwe Haitsma, mwenzake kazini, mdogo kwake kwa miaka ishirini. Wa nne ni Daktari Roelien Mensinga, bingwa wa magonjwa ya damu katika hospitali kubwa iliyo mwendo wa kilomita sabini kutoka hapo.

Saa moja na robo asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi. Barafu nyembamba imetanda pembezoni mwa mtaro, na Hylke amepiga goti ukingoni, glavu ya mpira imempanda hadi kwapani. Anazamisha mkono, anapapasa mdomo wa tundu lililo chini ya maji, kisha anauvuta mtego taratibu. Ndani yake mna panya-maji mnono, mkubwa kama sungura, manyoya yake yana rangi ya chai.

Mtega panya mwingine angetabasamu. Huyu hatabasamu. Anamlaza panya juu ya nyasi, anamgeuza kwa kijiti, anamsukuma tumboni. Manyoya yanabanduka. Macho yamezama ndani.

"Wewe umekufa tangu Jumamosi," anamwambia panya. "Na mtego huu nimeutega jana saa nne. Sasa nieleze, uliingiaje?"

Anasimama, anautazama mtaro mzima. Hakuna tete lililokatwa. Hakuna kinyesi juu ya jiwe. Hakuna ile njia ya tope ambayo panya-maji huichora chini ya mtaro anapoingia na kutoka. Mtaro umetulia kama uso wa mtu anayekusudia kukuficha jambo.

Huyu ni panya wa tatu katika wiki moja, mahali ambapo kwa wiki tatu kabla yake hapakupatikana hata mmoja. Wawili wa mwanzo Hylke aliwaandika, ingawa moyo ulimsita. Wa tatu amemfumbua macho. Kuna mtu anayemtilia panya mitegoni.

Na hilo ndilo lililomkosesha raha asubuhi ile. Mtu hamfanyii mwenzake wema wa siri bila sababu. Alhamisi, siku mbili mbele, Hylke alitakiwa hospitalini kupewa jibu la picha ya mwili: je, dawa yake mpya inafanya kazi, au ugonjwa umeishinda na hiyo? Akajiuliza kama wapo waliokwisha kulijua jibu hilo kabla yake.

"Nikasema, hawa wameambiwa," anakumbuka. "Nikasema, huyu panya ni shada la maua. Wananiletea maua ningali natembea."

Ugonjwa wa Hylke ni saratani ya uboho iitwayo mayeloma. Askari wa kinga wanaoishi ndani ya mifupa huasi, huzaana bila kipimo, na kuitafuna ile ile mifupa iliyowahifadhi. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako; huu hauko hata nguoni, uko ndani zaidi.

Ulijulikana miaka sita iliyopita, alipoinua boti ndogo kutoka majini na pingili ya mgongo ikavunjika kama biskuti. Akapewa dawa, akapandikizwa chembe zake mwenyewe, akapumzika. Ukarudi. Akapewa nyingine. Ukarudi tena.

Ndipo akapewa tiba ambayo watu wa kijijini waliizungumzia kwa sauti ya chini, kama watu wazungumziao karama. Walimtoa damu, wakazitenga chembe zake za kinga, wakazipeleka maabara zikafundwa kuitambua alama moja iliyo juu ya seli za saratani, kisha wakamrudishia mwilini zikawinde. Zikawinda. Kwa miezi kumi na minne damu yake haikuonyesha hata chembe ya protini ya ugonjwa. Kila karatasi iliyokuja nyumbani iliandikwa sifuri.

Baukje aliziweka karatasi hizo kwenye mlango wa friji. Hylke alikuwa akipita mbele yake bila kuzitazama.

Kutokuamini huko kuna asili yake, naye haifichi. Mwaka alioolewa binti yao, Sietske, Hylke alikuwa akilinda tuta la kinu cha upepo cha zamani, upande wa kusini wa kijiji. Kwa misimu miwili mfululizo aliandika sifuri. Hakukamata kitu. Bodi ikampongeza, ikahesabu tuta lile kuwa safi.

Tuta halikuwa safi. Alikuwa akitega mtego wa namna moja, katika makalvati yale yale, kila wiki. Panya waliopenda makalvati walikwisha kufa. Waliobaki ni wale waliochimba chini ya mbao za ukingo, mahali ambapo hakupeleka mkono. Oktoba moja, jirani yao alipita juu ya tuta na trekta lake. Gurudumu la mbele likazama, trekta likalala ubavu, na mzee wa watu akavunjika mtulinga.

"Sikusema uongo," anasema Hylke. "Sifuri ilikuwa ya kweli. Sikukamata kitu. Lakini nilikuwa sijatafuta. Mtu aliyetega sana akakosa, na mtu aliyelala nyumbani, wote wawili huandika sifuri, na karatasi haijui tofauti yao."

Tangu siku hiyo, kila anapoandika idadi ya panya huandika pia saa alizotembea, na namna ya mitego, na mahali alipopapasa. Wenzake walimcheka. Baadaye wengine wakamwiga.

Basi, mwaka jana mwezi wa Novemba, alipoanza kuhisi maumivu chini ya bega la kushoto huku karatasi zikisema sifuri, hakustaajabu. Siku alipokwenda hospitali, Daktari Mensinga alikuwa safarini. Daktari kijana aliyeshika zamu alimpapasa begani, akatazama kompyuta, akasema damu ni safi kabisa, huenda msuli umevutika.

"Mmetafuta wapi?" Hylke akamwuliza.

"Kwenye damu, bwana."

"Na maumivu yangu yako wapi?"

"Begani."

"Sasa mbona mnatega kwenye mtaro, na panya yuko kwenye tuta?"

Kijana yule, kwa heshima yake, hakukasirika. Alimpigia simu mkubwa wake. Wiki iliyofuata Hylke akapigwa picha ya mwili mzima. Chini ya bega palikuwa na uvimbe wa kadiri ya yai la kuku, na mbavu mbili ziling'aa mahali zisipostahili kung'aa. Ugonjwa ulikuwa umerudi kwa siri, ukaota nje ya mifupa, tena bila kumwaga protini yake katika damu kama ilivyo ada yake.

Daktari Mensinga aliporejea, aliwaita mume na mke, akawaeleza njia mbili. Ipo dawa ya sindano, inayoweza kuanza wiki hiyo hiyo katika hospitali ndogo iliyo karibu na kwao. Inailenga alama ile ile waliyoilenga mwanzo. Na ipo nyingine, inayolenga alama tofauti. Hiyo ingemlazimu kulala hospitali kubwa siku kadhaa, na kurudi huko kila baada ya wiki mbili. Tena hiyo ya pili huondoa ladha kinywani, huchubua ngozi ya viganja, na hupunguza mwili.

Baukje alipenda ya kwanza, kwa ukaribu wake na kwa wepesi wake. Hylke akamwuliza daktari:

"Daktari, huyu aliyerudi, bado ana ile alama?"

"Wengi huwa bado wanayo," akajibu Daktari Mensinga. "Wachache huipoteza."

"Mimi sikuuliza wengi."

Daktari alikiri kwamba njia ya kujua ni moja: kukata kinyama kutoka kwenye uvimbe na kukipima. Ingechukua wiki mbili, na kwa wiki mbili uvimbe ungeendelea kukua. Baukje akamshika mumewe mkono chini ya meza, akamminya, maana yake usiwe mbishi. Hylke akawa mbishi.

Wiki zile mbili zilikuwa ndefu. Yai la kuku likawa yai la bata. Hylke hakuweza tena kulalia upande wa kushoto. Baukje hakumlaumu kwa maneno, ila alikuwa akiosha vyombo kwa kelele. Jibu lilipokuja, lilikuwa fupi. Alama haipo. Seli zilizobaki ni zile ambazo hazikuwa nayo, au zimeivua. Dawa ya karibu ingelikuwa mtego kwenye tundu tupu.

Tangu Desemba anapata sindano ya alama ya pili. Ladha iliondoka siku ya kumi na moja. Kahawa imekuwa maji ya moto yenye chuma, na supu ya njegere, aliyoila kila Jumamosi ya baridi tangu utotoni, imekuwa kama karatasi iliyoloweshwa. Amepungua kilo tisa. Viganja vinachubuka kama kitunguu. Kazi yake, iliyokuwa saa thelathini na sita kwa wiki, sasa ni saa nane: asubuhi mbili tu, kwa glavu ndefu, na ni mwiko kwake kumgusa panya kwa mkono mtupu, kwa sababu kinga yake ni dhaifu na panya-maji hubeba maradhi.

Hayo ndiyo yaliyokuwa nyuma ya Jumanne ile ya Machi, na ya yule panya aliyekufa Jumamosi.

Saa nne, Hylke aliingia katika banda la zana, ambako Douwe alikuwa akimimina kahawa. Akamweka panya juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati yao, kama mtu aletaye kielelezo mahakamani.

"Douwe, panya wako hufa mara mbili?"

"Una maana gani, mzee?"

"Nina maana kwamba huyu alikufa Jumamosi, akajitega Jumatatu usiku. Ama ni muujiza, ama ni wewe. Na muujiza kwako sijawahi kuuona, hata wa kuja kazini mapema."

Douwe akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Masikio yakamwiva.

"Basi, ni mimi. Kwani ubaya uko wapi? Wiki tatu unarudi mikono mitupu, unakaa hapo kwenye benchi kama kuku aliyenyeshewa. Nikasema, angalau apate kitu cha kuandika."

"Kuku ni wewe. Na nimeandika! Wawili nimewaandika, kwa mkono wangu, kwa jina langu. Unajua umefanya nini? Wiki ijayo bodi itatazama ramani, iseme huku kuna panya, ilete watu wanne wachimbue ukingo usio na kitu. Na ukingo wenye matundu utaachwa, kwa sababu watu ni hao hao wanne. Wema wako utalitoboa tuta."

"Sikuliwaza hilo."

"Hukuliwaza. Sasa lililo kubwa kuliko panya. Nani kakwambia nini?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Douwe. Mimi kazi yangu ni kutazama maji yaliyotulia. Wewe umetulia mno."

Kijana wa miaka arobaini na mitatu akatazama buti zake. Akasema kwamba Baukje alikuja kwao Alhamisi iliyopita, akakaa jikoni na mkewe Douwe, akalia. Alisema amempigia daktari simu bila Hylke kujua. Zaidi ya hapo Douwe hakusikia. Alikuwa ameona haya, akatoka nje kukata kuni.

"Kuni zipi? Wewe unatumia gesi."

"Nilikata tu, mzee. Ningefanya nini?"

Hylke aliendesha gari hadi nyumbani bila kuwasha redio. Njiani aliyapanga mambo yote aliyoyapuuza: muuguzi aliyemwita kwa jina la kwanza kwa upole usio wa kawaida, barua ya miadi iliyosema aje na mtu wake wa karibu, Sietske, anayepiga simu Jumapili tu, aliyepiga Jumatano. Kila kimoja peke yake hakikuwa kitu. Vikikaa pamoja, vilikuwa matete yaliyokatwa.

Baukje alikuwa akimenya viazi. Hylke alikaa. Hakuvua koti.

"Mama, ulimpigia daktari."

Kisu kikasimama. Katika nyumba ile wanaitana baba na mama tangu Sietske alipozaliwa, na hawakuacha alipoolewa.

"Nilimpigia."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alisema hawezi kunieleza habari zako wewe usipokuwepo, na picha yenyewe ilikuwa haijapigwa."

"Asiye na baya la kusema, husema."

"Ukimchunguza sana bata, baba, hutamla."

"Bata mwenyewe simsikii ladha, mama. Niache nimchunguze."

Baukje alitaka kukasirika, akashindwa. Akacheka huku macho yamejaa. Kisha akaweka kisu mezani na kusema neno ambalo Hylke anakiri lilimwumiza kuliko sindano zote.

"Unauliza alama. Unauliza picha. Unauliza mtego gani, tundu gani. Miaka sita nakaa kando yako nakusikiliza ukiuliza, mpaka madaktari wanajipanguza jasho. Swali moja hujaliuliza hata siku moja. Hujauliza muda. Mimi ndiye niliyempigia kuuliza muda, kwa sababu wewe unaogopa."

Hylke alivua koti, akachukua kisu cha pili, akamenya viazi pamoja naye hadi vikazidi chakula cha watu wawili.

Alhamisi, saa tano kasorobo, walikaa mbele ya Daktari Mensinga. Daktari alikuwa amekwisha kufungua picha kwenye kompyuta, lakini kioo kilielekea kwake. Hylke aliliona hilo pia, akalihesabu kuwa dalili mbaya.

"Kabla hujanionyesha," akasema, "nataka hesabu. Si ya vitabu. Ya kwako. Waliorudiwa na ugonjwa baada ya tiba kama yangu, ni wangapi waliopita katika chumba hiki?"

"Kumi na tisa, pamoja na wewe."

"Wote? Au wale tu wanaokuja? Maana mtu akichoka, akakaa kwao, akafa kwao, nani humwandika?"

Daktari Mensinga aliondoa miwani. Alisema kwamba swali hilo ni la haki, na kwamba katika majedwali mengi mtu huhesabiwa hadi siku ya mwisho aliyoonekana, kisha mstari wake hufungwa. Kwa hiyo yeye ana desturi yake: mgonjwa akiacha kuja, humpigia daktari wa kijiji chao, na asipompata, huiandikia familia. Kumi na tisa wake wote anawajua walipo.

"Haya. Nipe."

"Wote walipata dawa ya alama nyingine. Wanane haikuwasaidia. Kumi na mmoja ilipunguza ugonjwa."

"Na hao kumi na mmoja?"

"Sita umewarudia. Mmoja alikufa kwa maambukizi ya mapafu, nafuu ikiwa bado anayo. Wanne wangali katika nafuu."

"Wako wapi hao wanne?"

"Watatu wako makwao," akasema Daktari Mensinga, akakigeuza kioo. "Wa nne amekaa mbele yangu na koti lake."

Baukje alifunika mdomo kwa viganja viwili. Hylke alisogea, akaikazia macho picha kwa muda mrefu. Uvimbe uliokuwa kama yai la bata ulikuwa umenywea hadi kadiri ya kokwa ya tende. Ubavu mmoja ulikuwa umezimika. Wa pili ulibaki na mwanga hafifu.

"Huo," akaweka kidole. "Huo ni nini?"

"Sijui. Huenda ni ugonjwa, huenda ni kovu la mfupa unaopona. Tutautazama tena baada ya miezi mitatu."

"Hujui."

"Sijui, bwana Rienstra."

Baukje anasema kwamba hapo ndipo mabega ya mumewe yaliposhuka kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Si kwa ile kokwa ya tende. Ni kwa neno sijui. Kwa Hylke, mtu anayekiri mahali asipopajua ni mtu ambaye maneno yake mengine yanaweza kupokewa.

Kisha akamgeukia mkewe, akamtazama, akamrudia daktari. Sauti yake, ambayo wenzake huisikia kutoka ng'ambo ya mtaro, ilikuwa ndogo.

"Muda gani?"

Daktari hakuzunguka. Alisema wengi wanaoitikia dawa hii huwa na karibu mwaka mmoja. Wapo wanaopata zaidi, wapo wanaopata miezi michache tu. Waliokuwa na uvimbe nje ya mfupa, kama yeye, kwa kawaida muda wao huwa mfupi kuliko wa wenzao. Ugonjwa ukirudi, zipo njia nyingine, baadhi zikiwa bado katika majaribio, naye atauliza kwa niaba yake. Kuahidi hawezi.

"Ahsante," akasema Hylke. "Hiyo nayo nimeiamini."

Ndani ya gari, katika maegesho, hawakuondoka kwa dakika nyingi. Baukje alifungua mkebe wa mkate mweusi na jibini, akampa kipande. Akakitafuna kama mtu afanyaye wajibu.

"Umefurahi?" akamwuliza.

"Uvimbe umepungua zaidi ya nusu, nami nimefurahi nusu. Nusu nyingine naiweka."

"Iweke, baba. Lakini jikoni kwa watu mimi siendi tena kulia. Nitalia kwetu, na wewe utakuwepo."

"Nitakuwepo," akasema, kisha, kwa kuwa hakuzoea kuahidi, akaongeza: "Nikiwepo."

"Mjinga wee," akasema Baukje, akawasha gari.

Ijumaa asubuhi, Hylke na Douwe walimwandikia msimamizi wao barua moja, wakaitia sahihi wote wawili, wakieleza kwamba panya wawili waliorekodiwa mtaro wa mashariki hawakukamatwa pale. Msimamizi alisoma, akamwuliza Douwe kama ana akili timamu, akaifuta ile rekodi. Watu wanne waliokuwa wapelekwe huko wakapangiwa tuta la kinu cha upepo, ambalo Hylke alikuwa akiliomba tangu mwaka mpya. Siku ya pili walikuta matundu saba chini ya mbao.

Hylke hakuyachimba yeye, daktari hamruhusu. Alisimama juu ya tuta na fimbo yake ndefu, akiwaonyesha mahali pa kupapasa, akiwakaripia, akiulizwa na Douwe kama hajachoka, akijibu kwamba anayechoka ni anayesikiliza.

Mpango wake sasa ni mdogo na umepimwa. Anataka kulimaliza tuta hilo kabla panya hawajaanza kuzaa mwezi wa Aprili. Anataka picha ya Juni. Amemwandikia Daktari Mensinga ruhusa ya kukitunza kile kinyama kilichokatwa begani, na kingine kitakachokatwa iwapo ugonjwa utarudi, vichunguzwe, ili wanaokuja nyuma yake wapimwe alama kabla ya kuchomwa sindano. Chini ya fomu, mahali pa maelezo mengine, ameandika kwamba mstari wake usifungwe siku atakayoacha kuja, bali wampigie Baukje. Nambari ya simu ameiandika mara mbili.

"Sitaki mtu aniambie nimepona," anasema, huku akijifuta tope kwenye buti kwa majani. "Nikiambiwa nimepona, wataacha kutafuta. Mimi nataka watafute. Wakitafuta wakakosa, hapo nitalala."

Ewe Mola Mlezi, ujuaye idadi ya mifupa yetu na siku zetu, umwafu mja wako huyu, na umzidishie mkewe subira isiyomchosha na kicheko kisichomkauka. Wape wale watatu walio katika nafuu nafuu ndefu. Wape wale sita waliorudiwa mlango mwingine. Warehemu waliotangulia, na uwafariji walioachwa na viti vitupu mezani. Mpe tabibu wao ulimi usioona haya kusema sijui, na kila aliyebaki, mgonjwa na mzima, mpe mtu wa kumwambia kweli na moyo wa kuibeba. Amina.